Kinga ya Ujumbe Upitao Angani

Mvuvi wa Goziba au Bumbire, visiwa vya wilaya ya Muleba, atumapo Sh. 10,000 kwa simu kwa mfanyabiashara wa Bukoba, hutaka tarakimu zifike kama zilivyotoka. Njia, lakini, si amini. Uso wa Ziwa Viktoria hurudisha mawimbi ya redio kama kioo kirudishavyo nuru; wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililopiga maji hukutana mnarani, na pengine hudhoofishana.

Dawa yake si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. Katika maneno “vitabu vyangu viwili vimepotea”, dalili ya ngeli imetajwa mara nne. Upepo ukimeza moja, zilizosalia huijulisha. Kihaya nacho, kwa kuwa ni lugha ya Kibantu, kina upatanisho wa namna hiyo. Kinachodhaniwa kuwa ziada bure ndicho kinga.

Wahandisi hufanya vivyo hivyo kwa hesabu. Ujumbe wa simu huandikwa kwa alama mbili tu, 0 na 1. Kinga iliyo nyepesi ni kurudia: badala ya 1 hutumwa 111, na ikipokewa 101, zilizo nyingi hushinda. Lakini gharama yake ni mara tatu. Mwaka 1950 Richard Hamming wa Marekani alieleza njia bora: alama 4 za ujumbe hulindwa na 3 za ziada, kila moja ikishuhudia kikundi chake, hata alama moja iliyoharibika, popote ilipo, hutambulikana na kusahihishwa. Katika mtandao wa kizazi cha tano, msimbo wa Robert Gallager, uliochapishwa mwaka 1962, hulinda ujumbe wenyewe. Ule wa Erdal Arıkan wa Uturuki, wa mwaka 2009, hulinda maagizo ya uendeshaji.

Msimbo huo hubebwa na wimbi, kwa kubadili ukubwa wake na mwanzo wa mzunguko wake. Karibu na mnara, mathalan mjini Bukoba, wimbi laweza kutofautishwa katika hali 256, likabeba alama 8 kwa mara moja. Mbali ziwani hali hizo huchanganyika. Ndipo mtambo hurudi kwenye hali 4, zenye alama 2 tu, tena huongeza ziada ya msimbo, mfano wa mtu aitaye ng'ambo ya maji, asemaye polepole na kurudia.

Hivyo kasi hutolewa ili usahihi upatikane. Katika kuipima mitandao ya vizazi vijavyo, basi, haitoshi kutazama kasi ipatikanayo chini ya mnara. Yafaa kutazama pia kama ujumbe mfupi wa mvuvi aliye mbali wafika bila kosa.