Ile Meli Kubwa ya Star Wars Ilikuwa Ndogo Kuliko Ile Ilikuwa Inafukuza!

Kama umewahi kucheki Star Wars ya kwanza, ile ya 1977, lazima unakumbuka vile inaanza. Kameli kadogo ka angani kanahepa mbio. Nyuma yake inatokea Star Destroyer. Inapita juu ya kichwa chako, inapita, inapita, na bado haijaisha.

Kwa stori, hiyo meli ina urefu wa mita 1,600. Sasa shika hii: modeli yenye walishuti ilikuwa karibu sentimita 90 tu. Na kale kalikuwa kanahepa? Modeli yake ilikuwa karibu mita 2. Yaani mwenye anakimbizwa alikuwa mkubwa mara mbili!

Ilikuwa hivi. Hiyo modeli ya mita 2 iliundwa kwanza ikiwa ndiyo Millennium Falcon, gari ya Han Solo. Lakini ilikuwa inafanana sana na chombo cha Space: 1999, series ya TV ya wakati huo. George Lucas akataka shepu ingine. Doo zilikuwa zimeshatumika, so hawangeitupa. Ikabadilishwa kichwa, ikapewa kazi ingine.

Na mbona hatukugundua? Kwa sababu kila meli ilishutiwa kivyake, halafu picha zikaunganishwa. Saizi inaamuliwa na kamera. Timu ya John Dykstra huko Van Nuys, California, iliunda kamera ya kutembea kwa reli, yenye ilikuwa inaweza kurudia njia ile ile mara nyingi bila kukosea. Walipitisha lenzi chini ya Star Destroyer, karibu kuigusa. Kitu chochote kikipita karibu hivyo na polepole, jicho linakubali ni jitu.

Shida ni moja: lenzi ikiwa karibu, inaona kila kitu. Ndio maana walinunua vifaru, ndege na magari za plastiki za kujiundia, wakatoa vipande vidogo vidogo na kuvigundisha kwa modeli.

Mbona basi wasitumie saizi moja? Ukitaka meli ikae mbali, lazima urudishe kamera nyuma, na reli ina mwisho. Falcon ya 1977 ilikuwa karibu mita 1.5 na nzito ajabu. Kwa The Empire Strikes Back ya 1980, waliunda ingine ya sentimita 80 ya kukata kona kati ya mawe ya angani, na ingine ndogo ya kuingia kwa kiganja. Star Destroyer nayo ikaongezwa hadi karibu mita 2.5, ndio ikae poa kwa picha za karibu.

Jaribu mwenyewe. Weka simu chini kabisa, pindua lenzi ikae karibu na sakafu, halafu sukuma gari ya toi ipite polepole mbele yake. Rudia ukiwa umesimama. Utaona tofauti.