Ukifika London mwezi Aprili, usilipite jiwe hili bila kujua habari yake

Aprili ndiyo mvua zinaaga Mvumi na uwele unakomaa mashambani. Mwezi huohuo London wako kwenye majira ya kuchipua: miti inatoa majani, bustanini kuna maua tele, na jua linazama karibu saa 2 usiku. Ndio wakati mzuri wa kutembea mjini. Ila usidanganywe na jua hilo, baridi bado ipo. Beba koti na mwavuli.

Mgeni wa London huonyeshwa Big Ben na kasri la mfalme. Sawa, piga picha. Lakini kwa mtu wa Dodoma, pa kwenda kwanza ni kanisa la Westminster Abbey, hatua chache tu kutoka Big Ben. Humo wamezikwa wafalme wengi wa Uingereza. Ukiingia, tafuta jiwe jeusi sakafuni, katikati ya ukumbi mkubwa. Hapo kalala David Livingstone.

Jiwe linasema aliletwa na mikono mwaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono ya nani? Halisemi, na hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Waliokuwa naye ni Waafrika watupu. Abdullah Susi na James Chuma ndio walioongoza, na wanawake pia walikuwemo, kama Halima aliyekuwa mpishi wake. Wangeweza kumzika hapohapo waende zao, nani angewauliza? Badala yake walizika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi na kuukausha juani siku 14, kisha wakaubeba kuelekea pwani. Zaidi ya kilomita 1,600, kwa miguu.

Walipofika Tabora, Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wamzike pale. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji nao wakakataa maiti isipite kwao. Hapo Susi na wenzake wakacheza mchezo. Walifunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wakatuma watu warudi nayo Tabora kana kwamba wanakwenda kuzika. Maiti yenyewe wakaifunga upya kama mtumba wa nguo. Kwenye njia ile ya biashara, mzigo wa nguo nani angeushangaa?

Watu wa Mvumi wanaijua njia hiyo. Stanley alipopita Mvumi mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alitozwa hongo ya vitambaa kama msafiri mwingine yeyote wa Ugogo.

Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874. Toka hapo ulichukuliwa kwa meli, na kati ya wote waliotembea nao, aliyesafiri nao hadi Uingereza ni mmoja tu: kijana Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa wasindikizaji wa jeneza ndani ya Westminster Abbey. Stanley, yule wa hongo ya Mvumi, alikuwa mmoja wao pia.

Susi na Chuma hawakuyaona mazishi. Waliletwa Uingereza baadaye mwaka huohuo, wakasaidia kuelezea shajara za mwisho za Livingstone, ambazo wao ndio walioziokoa. Walipewa medali. Majina yao kwenye jiwe? Hakuna mpaka leo. Mimi naona hiyo ni deni.

Sasa mambo ya kawaida. Viza ni lazima kwa Mtanzania, iombe mapema. Kuingia kanisani kama mtalii ni kwa tiketi, na si rahisi. Lakini ukienda kusali hulipi kitu, na Jumapili watalii hawaingii kabisa, ni ibada tu. Ukitoka, tembea kidogo hadi bustani ya St James's Park upumzike kwenye maua. Ukitaka kupiga simu nyumbani, kumbuka saa za Mvumi zinatangulia kwa saa 2 majira hayo.

Jacob mwenyewe alirudi Afrika. Alifariki Urambo, mkoani Tabora, mwaka 1892. Huko huhitaji viza.