Mjomba Anapofariki: Kumbukumbu na Urithi wa Jina Uluguruni

Katika jamii zinazofuata umamani, yaani zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama, kifo cha mjomba huwa na uzito wa pekee, kwa kuwa anayezikwa ni mpendwa wa nyumba na papo hapo ni msimamizi wa ukoo. Ndivyo ilivyo kwa Waluguru wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kama ilivyo kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera wa kusini mwa Tanzania. Mtoto wa Kiluguru huzaliwa katika lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ndani yake huwa wa tombo fulani, neno lenye maana ya titi, linalowajumuisha waliotokana na mama mmoja; kwa hiyo katika mambo ya ardhi, ndoa na usuluhishi, mila ilimpa kaka wa mama sauti kubwa.

Kumkumbuka mtu wa namna hiyo hakuishii kwenye machozi. Wakubwa wa ukoo huweza kumteua mpwa, yaani mtoto wa dada wa marehemu, alirithi jina lake, na pamoja na jina hilo akabeba wajibu wa kuwasikiliza wale waliozoea kumkimbilia mjomba. Mfano mashuhuri ni jina la Kingalu, linaloshikwa na machifu wa Kinole waliosifika tangu zamani kwa mambo ya mvua, ambalo hupita kwa mtu wa ukoo uleule wa mama kila mwenye jina anapofariki, na ambalo leo limepewa hata soko kuu la mjini Morogoro.

Kuna pia kazi ya watani, yaani watu wa kabila au ukoo ambao mila inawaruhusu kutaniana na wafiwa bila kosa. Katika sehemu nyingi za Tanzania, watani huja msibani wakavaa nguo za marehemu, wakaiga mwendo wake, sauti yake, hata ukali au ubahili wake, mpaka waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Mgeni huenda akaona ni utovu wa adabu, lakini pengine hakuna heshima kubwa kuliko hiyo, maana hotuba za makaburini humpunguza marehemu kwa kumsifu tu, ilhali mtani huwarudishia wafiwa mjomba waliyemjua na kumpenda, pamoja na kasoro zake.

Urithi wa jina, hata hivyo, si lazima uambatane na urithi wa mali. Kwa Waislamu, mtoto wa dada yumo katika dhawil arham, yaani jamaa wanaorithi panapokosekana warithi wa mafungu maalumu na wale wa upande wa kiume waitwao asaba. Nayo sheria ya mila iliyotangazwa na serikali mwaka 1963 ilijengwa juu ya desturi za jamii za ubabani, zinazohesabu ukoo kwa baba. Mpwa anaweza basi kuitwa kwa jina la mjomba wake na kutarajiwa kuwatunza ndugu zake, huku nyumba na shamba alivyonunua marehemu vikienda kwa mjane na watoto.