Kuifanya Ndege Ndogo Itue kwa Hatua Chache

Ndege ya porini ni ndege ndogo ya injini moja inayotua pasipo na uwanja: kwenye kokoto za mto uliopungua maji, kwenye majani ya mlimani au juu ya theluji. Ngome yake ni Alaska, jimbo la Marekani ambalo vijiji vyake vingi havifikiwi kwa barabara, na inayofahamika kuliko zote huko ni Piper Super Cub. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, bawa la juu, na kiwiliwili cha mabomba ya chuma kilichovikwa kitambaa. Ilianza kutoka kiwandani mwaka 1949. Yenye injini ya nguvu farasi 150 ina kilo 420 hivi ikiwa tupu, na haitakiwi kuruka ikizidi kilo 794. Ni ndege ya mwendo wa pole tangu kiwandani, lakini ni nadra kuikuta Alaska katika hali hiyo ya kiwandani.

Urefu wa ardhi unaohitajika hutegemea zaidi kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linaweza kuibeba ndege. Masafa ya kutua hufuata mraba wa kasi hiyo. Ndege iliyokuwa ikigusa ardhi kwa kilomita 70 kwa saa, ikiweza kugusa kwa 50, itahitaji karibu nusu tu ya njia ya awali. Ndiyo maana mafundi huhangaika kupunguza kilomita tatu au nne kwa saa.

Bawa huinua zaidi kadiri ukingo wake wa mbele unavyoelekezwa juu dhidi ya hewa, lakini kwa kiasi. Likipita pembe ya nyuzi 15 hivi, hewa ya juu hushindwa kufuata mgongo wa bawa, hubanduka, na nguvu ya kuinua huporomoka. Hali hiyo marubani huiita stoli. Karibu kila badiliko la bawa linalenga kuchelewesha kubanduka huko.

Njia nyepesi kuliko zote ni vijibati vya alumini au plastiki, virefu sentimita mbili au tatu, vinavyogundishwa kwa safu nyuma kidogo ya ukingo wa mbele. Kila kimoja huwekwa mshazari, hivyo hewa inayokipita hujisokota na kuvuta hewa yenye kasi kutoka juu hadi kwenye ngozi ya bawa. Tabaka la hewa lililokuwa limechoka hupata nguvu mpya na huendelea kushikamana. Vijibati havina kitu kinachosogea na kasi ya safari haipungui kiasi cha kuonekana. Ni vigumu kupata badiliko jingine linalotoa kingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Slati ni hatua kubwa zaidi. Ni kibawa chembamba mbele ya bawa lenyewe, chenye upenyo unaopitisha hewa kutoka chini kwenda juu. Wazo hili lilifikiwa na Handley Page wa Uingereza na Gustav Lachmann wa Ujerumani, kila mmoja kivyake. Fieseler Storch ya Ujerumani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936, ilikuwa na slati zisizosogea. Helio Courier ya Marekani ilizifanya zijifungue zenyewe mwendo unapopungua. Kwa slati, bawa huvumilia pembe inayopita nyuzi 20. Tatizo ni kwamba pua huinuka mpaka rubani haoni mbele, na mkia hugusa ardhi kabla ya magurudumu makuu. Kwa hiyo anayefunga slati hulazimika pia kurefusha miguu ya ndege.

Nyuma ya bawa hurefushwa flapu, yaani vibao vinavyoteremshwa wakati wa kutua, na baadhi ya vifaa, kama vile vya Robertson kwa ndege za Cessna, huziteremsha pamoja nazo eleroni, vibao vya kuilaza ndege upande.

Kuruka kunahitaji pia mvuto wa propela. Propela ndefu yenye meno yaliyolazwa kidogo huiruhusu injini kufikia mizunguko yake mapema, hivyo ndege huchapuka ikiwa bado chini, ila safari huwa ya taratibu. Wengine hubadilisha injini ya 150 kwa ya nguvu farasi 180, nayo huja na kilo zake. Uzito ndio unaosahaulika: ukipunguzwa kwa asilimia 10, masafa ya kurukia hupungua kwa karibu asilimia 19. Betri nyepesi na kiti cha nyuma kilichotolewa vinaweza kushinda kifaa cha maelfu ya dola. Matairi mapana ya inchi 31 yenye upepo kidogo hayafupishi njia; huongeza uzito na ukinzani wa hewa. Kazi yake ni kupita juu ya mawe ambayo yangevunja mguu wa ndege.

Mwendo wa polepole sana una kanuni zake. Chini ya kasi fulani, ndege inahitaji nguvu zaidi kadiri inavyopunguza mwendo. Rubani anayevuta usukani ili asiendelee kushuka hushuka zaidi, asipoongeza mafuta. Kona huongeza hatari: ndege ikilala nyuzi 45, kasi ya stoli hupanda kwa asilimia 19, ikilala 60, kwa asilimia 41. Alaska wapo waliokufa wakizunguka juu ya mnyama mkubwa wa huko, muusi, macho chini na mwendo ukipotea.

Kila Mei hufanyika mashindano ya kuruka na kutua kwa njia fupi huko Valdez, Alaska, na ndege nyepesi zilizobadilishwa husimama ndani ya mita chache. Takwimu hizo ni za hewa baridi, usawa wa bahari, na mara nyingi upepo wa mbele. Super Cub hutumika pia katika doria za wanyamapori Tsavo, nchini Kenya, lakini huku mahesabu ni mengine. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko mita 1,690 hivi juu ya bahari. Kwa joto la nyuzi 25 hewa huwa nyepesi kwa takriban moja ya tano. Sindano ya mwendo husoma kama kawaida, ilhali magurudumu yanakwenda kwa kasi zaidi kwa asilimia 12 hivi, na injini isiyo na turbo imepungukiwa nguvu.

Marekebisho haya huhitaji kibali cha mamlaka ya anga, na vifaa viwili vilivyoidhinishwa kila kimoja peke yake si lazima vielewane vikifungwa pamoja. Kwa mmiliki wa ndege ya kazi, mpangilio wenye busara ni kupunguza uzito, kisha propela, kisha vijibati, na mazoezi na mwalimu baada ya kila hatua. Slati zisubiri mpaka hayo yote yamethibitika kuwa hayatoshi.