Okarina ya Vitufe Vitano Katika Mchezo wa Video

Katika mchezo wa video The Legend of Zelda: Ocarina of Time, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1998, mchezaji hupiga okarina, aina ya filimbi, kwa vitufe vitano tu, kila kimoja na sauti yake. Uchache huo ulimbana mtunzi Koji Kondo, kwani nyimbo zilipaswa kukumbukwa hata na asiyejua muziki. Baadhi ni sauti tatu tu zinazorudiwa mara mbili. Wimbo ukipigwa sawasawa, usiku hugeuka mchana au mvua hunyesha. Ukikosewa, mchezaji hujaribu tena. Kijiti cha kuongozea nacho hupindisha sauti, jambo lisilohitajika kwa ushindi, ila kwa raha ya kupiga. Mbele ya sanamu ya kutishia ndege, mchezaji hutunga wimbo wake mwenyewe wa sauti nane, na sanamu huukumbuka.