Sumbawanga si mji wa wachawi: Mambo makubwa ya Ufipa ambayo utani umeyafunika

Taja Sumbawanga kijiweni au kwenye daladala, halafu subiri. Haitapita dakika kabla mtu hajasema, "Usimkosee Mfipa, atakutumia radi." Wote watacheka, na mazungumzo yataishia hapo.

Kwa wengine wa Dar, Ufipa ni mtaa tu wa Kinondoni, ule uliokuwa na makao makuu ya Chadema kwa miaka mingi. Wachache wanajua kwamba jina la mtaa huo ni la nchi nzima iliyoinuka kusini-magharibi mwa Tanzania, yenye wafalme wake, matanuri yake ya chuma na ushahidi wa ujenzi wa kale kuliko binadamu wa leo.

Jina lilitoka wapi?

Tuanze na uchawi, maana ndio kila mtu anautaka.

Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba kwa Kifipa "sumba" ni tupa, na "wanga" ni uchawi. Hata Kiswahili kina neno hilo: kuwanga ni kuroga usiku. Kwa hiyo Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Ni amri kwa anayeingia mjini: kama umebeba vitu vyako, viache huko nje.

Yaani jina linalotumika kuwatania Wafipa kuwa ni wachawi, lenyewe linaukataa uchawi.

Radi zinatoka kwa nani?

Angalia ramani. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, kama mita 1,470 kwenda chini. Mashariki kuna Ziwa Rukwa, la kina kifupi, maji ya magadi, mito inaingia lakini hakuna unaotoka. Yote mawili yamelala kwenye Bonde la Ufa, kama mita 800 tu juu ya usawa wa bahari.

Katikati yake ardhi imenyanyuka kama meza. Huo ndio uwanda wa Ufipa: sehemu kubwa iko juu ya mita 1,500, na milima ya Mbizi, jirani na Sumbawanga mjini, inapita mita 2,000. Ukisimama kwenye ukingo wa mashariki, ule unaoitwa Lyamba lya Mfipa, bonde la Rukwa liko chini yako kwa karibu kilomita nzima.

Hewa yenye unyevu ikisukumwa kupanda miinuko ya namna hiyo wakati wa masika, kuanzia Novemba mpaka Aprili, hujenga mawingu marefu ya ngurumo. Tena ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, na mashariki mwa Kongo ni kati ya maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani. Hakuna aliyewahi kuwaita watu wa huko mabingwa wa kutuma radi.

Ongeza na hili: uwanda wenyewe ni nyasi, miti ni michache. Mtu aliye shambani, ng'ombe malishoni au darasa lisilo na kinga ya radi ndio vitu virefu kuliko vyote vilivyo jirani. Radi haichagui mwenye deni. Inachagua kilichosimama juu.

Utani wenye gharama

Ingekuwa ni kuchekeshana tu, isingekuwa shida. Shida ni pale kifo cha radi au ugonjwa wa mtoto kinapotafutiwa mtu wa kulaumiwa.

Miaka ya 1930, huko Nyasaland, yaani Malawi ya leo, lilizuka wimbi la wasaka uchawi lililoitwa mchape. Vijana walizunguka vijijini na dawa, wakidai wanaweza kumtambua mchawi na kumsafisha. Wimbi hilo lilivuka mipaka na Ufipa likaitwa Kamchape. Roy Willis, mtafiti Mwingereza aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, aliandika kulihusu mwaka 1968. Alichokiona kilikuwa pia ni vuta nikuvute ya vijana na wazee: vijana ndio waliosafisha, wazee ndio walionyooshewa vidole.

Kamchape haijafa. Jina hilo limesikika tena Kigoma miaka ya karibuni, na Rukwa na Katavi wapo wanaoitwa lambalamba, kazi ni ileile. Serikali inaita hiyo ramli chonganishi na imepiga marufuku, huku Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ikiwa bado ipo. Lakini kijijini, mzee aliyeshatajwa hata mara moja hana wa kumrudishia jina lake. Wengine wanahama. Wengine hawapati hata muda wa kuhama.

Wafalme wawili na kiti kilichochukuliwa

Simulizi za Wafipa zinaanza Milansi, kijiji kilichokaliwa na mtawala wa kwanza, Ntatakwa. Siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akaacha maagizo nyumbani kwamba kiti chake asipewe mgeni. Wakaja wanawake watatu wa ukoo wa Watwa (si wale Watwa wa misituni), wakapewa kiti. Aliporudi, nchi ilishapata wenyewe wengine.

Cha kuvutia ni kwamba hawakumfukuza. Milansi ilibaki na heshima ya mambo ya jadi, Watwa wakabaki na utawala. Baadaye ukoo huo uligombana wenyewe kwa wenyewe na nchi ikagawanyika mara mbili: Nkansi na Lyangalile. Wilaya ya Nkasi ya leo imebeba jina la ufalme huo.

Katikati ya karne ya 19 walipita Wangoni kutoka kusini. Kiongozi wao, Zwangendaba, alifia hukuhuku Ufipa miaka ya 1840, na kifo chake ndicho kilichowasambaratisha. Kundi moja liliishia Malawi, jingine Zambia, jingine likashuka mpaka Songea. Kwa hiyo Mngoni wa Ruvuma ana kipande cha historia yake hapa.

Chuma bila mivukuto

Hiki ndicho kinachopaswa kuwa fahari ya kwanza ya Rukwa.

Wafipa walijenga matanuri ya udongo yenye urefu wa kama mita tatu, yaitwayo malungu. Walipanga ndani tabaka za makaa na mawe ya chuma, wakatoboa matundu kuzunguka chini na kuweka mirija ya udongo. Hakuna aliyepuliza. Urefu wa tanuri ndio uliovuta hewa, kama bomba la moshi. Bonge lililopatikana lilihamishiwa kwenye tanuri dogo, hapo sasa mivukuto ikatumika kulisafisha, kisha mhunzi akafua jembe. Majembe hayo yaliuzwa mbali na yalitumika kama mahari.

Tanuri lilihesabiwa kama mwanamke anayekaribia kuzaa, hivyo wayeyushaji hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe.

Majembe ya kiwandani kutoka nje, yakiwa ya bei rahisi, ndiyo yaliyoiua kazi hii katika karne ya 20. Mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda aliyachunguza mabaki yake Nkasi miaka ya 1990. Baadhi ya malungu bado yamesimama mashambani, mvua inayala taratibu.

Mto Kalambo na magogo mawili

Mpakani na Zambia, mto Kalambo unadondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Maporomoko ya Victoria ni kama mita 108. Wangapi wana picha waliyopiga Kalambo?

Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilipata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikana. Umri wake, uliotangazwa Septemba 2023, ni takriban miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea. Ndio ujenzi wa mbao wa kale zaidi unaojulikana duniani, na umekutwa kwenye mto ambao watoto wa wilaya ya Kalambo wanaunywa.

Mahindi, na bei yake

Kwa kuwa miti ilikuwa adimu, Mfipa hakuweza kukata na kuchoma msitu apate majivu kama majirani zake wa Zambia. Alifukia nyasi. Mwisho wa mvua zinang'olewa, zinarundikwa na kufunikwa udongo kuwa vichuguu vya duara, intumba. Zinaoza humo, na msimu unaofuata udongo ule unasambazwa na kupandwa ulezi. Mboji, kabla ya semina za mboji.

Leo mfalme ni mahindi. Rukwa, yenye watu zaidi ya milioni 1.5 kwa sensa ya 2022, ni kati ya mikoa inayolisha nchi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ana kanda yake Sumbawanga. Ila kuvuna sana si kuuza vizuri. Juni 2017 Serikali ilipozuia mahindi kwenda nje, bei iliporomoka nyanda za juu kusini na wakulima wakabaki na magunia.

Ndiyo maana barabara hapa ni suala la pesa, si la safari tu. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imefupisha njia ya kwenda Mbeya na Dar. Nyingine inashuka kupitia Matai mpaka bandari ya Kasanga, ambako Wajerumani walijenga ngome na kupaita Bismarckburg. Kutoka Kasanga, mahindi yanavuka maji kwenda Kongo, ambako wanunuzi wapo na wanalipa.

Ukipanga kwenda kuangalia mwenyewe, Juni na Julai barabara ni kavu na anga ni jeupe. Beba sweta. Usiku Sumbawanga ni baridi kweli.