Pima presha, pima sebule, ndipo ununue mashine

Daktari akishaandika dawa za presha, huongeza neno moja: fanya mazoezi. Mara nyingi hasemi mazoezi gani wala kwa kifaa gani, maana foleni nje ya mlango wake ni ndefu. Mgonjwa anaondoka na neno hilo, na akiwa na akiba kidogo linamfikisha kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, mbele ya mashine ya kukimbilia yenye taa na vitufe. Hapo ndipo pesa za familia zinapopotea bila sababu.

Tuanze na sakafu. Mashine ya kukimbilia ya nyumbani ina urefu unaokaribia mita mbili. Nyuma yake panatakiwa pabaki wazi kama mita mbili nyingine, na kila upande nusu mita, kwa kuwa anayeteleza juu ya mkanda hutupwa nyuma. Sebule ya nyumba ya kupanga pale Sinza au Tabata, yenye makochi, meza na kabati la televisheni, haina mita nne za kuachia mashine. Wengi huisogeza hadi ukutani, na anayeanguka hubanwa kati ya ukuta na mkanda ambao bado unazunguka. Watoto wako hatarini zaidi. Mei 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani ilitangaza kurudisha mashine zake za Tread+ zipatazo 125,000, baada ya mtoto mmoja kufariki na watu wengine kuumizwa kwa kuvutwa chini ya mashine. Mwenye mtoto mdogo nyumbani na mashine ya namna hii achomoe ufunguo wa usalama kila anapomaliza, auweke juu kabatini.

Kuna pia suala la umeme. Mashine hiyo inakula luku, na umeme ukikatika mazoezi yamekwisha. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, hewa yenye chumvi huanza kula vyuma na nyaya mapema, hasa mashine ikiwekwa barazani.

Lakini hoja yangu kubwa si ukubwa wala umeme. Kutembea ni jambo ambalo barabara inakupa bure. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika humo. Mwongozo huohuo unataka pia mazoezi ya kutia misuli nguvu, angalau siku mbili kwa wiki. Hili la pili ndilo tunalolisahau, nalo ndilo linalostahili pesa yako, kwa sababu barabara hailitoshelezi.

Si mgonjwa wa presha tu; mwenye kisukari naye aniamini hapa: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Kifaa cha kuuamsha msuli huo si lazima kijaze chumba. Mikanda ya mpira ya kuvuta inaingia kwenye droo. Unaifunga kwenye nondo za dirisha, unavuta kwa mikono, au unaikanyaga na kuinyanyua. Ikague kabla ya kila zoezi, maana joto na jua huupasua mpira, na ukikatika ukiwa umevutwa unaweza kukupiga jichoni. Asiyetaka kununua vyuma achukue madumu. Dumu la lita tano likijaa maji lina uzito wa kilo tano. Likijaa mchanga mkavu linakaribia kilo nane.

Mgonjwa wa presha anyanyue vitu vyepesi mara nyingi, na kamwe asibane pumzi wakati wa kunyanyua, kwa kuwa kufanya hivyo kunapandisha presha ghafla. Ambaye kipimo chake kinasoma 180 kwa 110 au zaidi asiguse uzito wowote kabla hajaonana na daktari. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza na awe na kitu kitamu karibu. Avae raba na soksi hata akiwa ndani, kwa sababu miguu iliyopoteza hisia haimwambii mwenyewe kwamba imechubuka.

Magoti yakiuma, baiskeli ya mazoezi ndiyo mashine ninayoiunga mkono. Haitikisi goti, inachukua nafasi ya kama mita moja kwa nusu mita, na nyingi hazihitaji umeme wa maana. Ijaribu dukani: pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo. Kiti kikiwa chini mno, goti litauma zaidi ya mwanzo. Mwenye matatizo ya mgongo atafute yenye kiti cha kuegemea.

Kamba ya kuruka ni rahisi na inachosha haraka, ila si ya mtu mzito wala mwenye magoti mabovu, na kabla ya kuruka tazama pangaboi liko umbali gani juu ya kichwa chako.

Mikanda ya umeme ya kuvaa tumboni iache. Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa mikanda ya aina tatu, AB Energizer, AbTronic na Fast Abs, kwa madai ya uongo kwamba inapunguza uzito. Mafuta hayachagui kuondoka tumboni kwa sababu tumbo limetikiswa.

Nabakiza wazee. Kwa waliofikisha miaka 65, mwongozo niliotaja unaongeza mazoezi ya usawa wa mwili, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kuzuia kuanguka. Mama au baba yako hahitaji mashine ya kumfanya aanguke. Mtafutie kiti kizito cha mbao kisichoteleza, kiegemezwe ukutani. Asimame na kuketi taratibu mara kumi, apumzike, arudie. Kisha ajishike kwenye meza asimame kwa mguu mmoja. Wiki za mwanzo kaa naye, na akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, asitishe hapohapo na umpeleke hospitali.